Mwalimu Asiyesalimiwa

"Shikamoo, Mama Limi."

Kimya.

"Mama Limi, shikamoo!"

Mama Limi akainama kisimani, akachota maji yake, akajitwika ndoo na kuondoka kana kwamba aliyemwamkia ni upepo. Wanawake wengine nao wakachota, wakajitwika, wakaenda. Hata mmoja hakugeuka.

Eufrasia akabaki na kibuyu mkononi. Juzi tu Mama Limi alikuwa amekaa kizingitini pake, akimcheka jinsi Wahaya wanavyolilia ndizi kama watoto wachanga. Leo ana nini?

Ilikuwa masika ya mwaka 1967. Eufrasia alikuwa ametoka Bukoba, mapadri wakamleta Mwamhuli kufundisha shule ya misheni. Wasukuma wa pale walimpokea, wakamfundisha kukamua ng'ombe na kula michembe, viazi vilivyokaushwa juani. Alishazoea. Alishasahau hata kuwa yeye ni mgeni.

Shuleni mambo yakawa mabaya zaidi.

"Hamjambo, watoto?"

Watoto wakasimama wima, midomo wameifunga.

"Nasema, hamjambo?"

Wakaketi.

"Haya. Mbili mara tatu?"

Mikono ikainuka darasa zima. Akamwita Bernadina, mtoto wa mbele. Bernadina akaenda ubaoni, akaandika 6, akarudi mahali pake.

"Sema kwa mdomo, mwanangu."

Bernadina akaanza kulia bila sauti.

Hapo ndipo filimbi ilipolia nje. Eufrasia akatoka mbio. Vijana wa kijiji walikuwa wamejipanga uwanjani, na mbele yao amesimama Ngassa.

Huyu Ngassa alikuwa nsumba ntale, mkuu wa vijana wote wa Mwamhuli. Neno lake kwenye kilimo cha pamoja, kwenye ngoma na kwenye msiba lilikuwa sheria. Alikuwa mrefu, mcheshi, alishafanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita mpaka ulipofungwa, akarudi na baiskeli. Na kila jioni baiskeli hiyo ilikuwa inapita kwa mwalimu na maziwa. Alishamwambia wazi kwamba anataka kumwoa. Eufrasia alikuwa amemjibu, macho chini, "Nipe mpaka Pasaka."

Leo Ngassa hakuwa anacheka.

"Mwalimu Eufrasia," akasema kwa sauti kubwa. "Tumemzika mke wa Mzee Masele. Kila nyumba ilipeleka maji na kuni. Nyumba yako haikupeleka. Tena maiti ilipopita hapa, shule yako ilikuwa inaimba na kupiga ngoma."

"Tulikuwa kwenye mazoezi ya Pasaka! Na Padri ametukataza walimu kwenda misiba ya wasiobatizwa. Wewe mwenyewe unajua!"

"Najua. Lakini kijiji hakimjui Padri, kinamjua jirani. Kuanzia leo hupewi moto, huchotewi maji, husalimiwi. Atakayesema nawe ametengwa kama wewe. Ukitaka kurudi kwa watu, toa dume la ng'ombe, kijiji kile nyama."

"Mbona wewe unasema nami?"

"Nasema kwa kinywa cha kijiji. Nikimaliza, nami nanyamaza."

"Ngassa, nitazame."

Hakumtazama.

"Basi jibu lako la Pasaka limeshatoka!" Eufrasia akapaza sauti, yeye ambaye hata kanisani alikuwa anaimba kwa kunong'ona. "Ni hapana! Umesikia? Hapana!"

Vijana wakauma midomo wasicheke. Ngassa akapuliza filimbi, wakaondoka.

Mchana wake katekista akapita. Naye ni mtu wa kijiji, naye ana mke na majirani. Akaweka karatasi juu ya jiwe mlangoni kwa Eufrasia, akakohoa mara mbili, akatokomea. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Padri Anselmi:

*Nimesikia. Usilipe kitu na usiende kwao. Kesho nakuja na gari kukuchukua. Utafundisha upande wa Ushirombo.*

Eufrasia akakaa chini. Hilo ndilo lililomvunja. Kunyimwa moto angeweza kuvumilia. Lakini kuondoka Mwamhuli? Kuwaacha wale watoto? Na yule mpumbavu mwenye baiskeli, hata kama amemwambia hapana?

Jua lilikuwa bado halijazama alipotoka nje kuwasha moto. Kuni zimelowa, kiberiti kimelowa. Alipuliza mpaka macho yakamtoka machozi, na hakujua ni ya moshi au ya nini.

"Mwadila, Mwalimu."

Ilikuwa salamu ya jioni ya Kisukuma. Eufrasia hakuinua kichwa.

"Kijiji kimesahau kuniambia nini tena?"

"Hii si sauti ya kijiji. Ni yangu."

Njiani, nyuma ya Ngassa, ndoo ikaanguka pwaa! Wanawake walikuwa wanatoka shamba, wamesimama wote, mikono midomoni. Mageni, mama yake Ngassa, akapasua sauti.

"Ngassa! Umerogwa?"

"Sijarogwa, mayu. Nimesalimia."

"Nsumba ntale mzima unavunja sheria uliyoitangaza leo leo?"

"Filimbi nimempa Fikirini, awaongoze vijana yeye. Nilipokuwa mkuu sikuweza kumpendelea ninayempenda. Sasa mimi si mkuu tena. Nitengeni."

Mageni akafungua mdomo kumtukana, akakumbuka kwamba sasa hata kumtukana ni kusema naye. Akaufunga. Akageuza mgongo, akaenda zake akitikisa kichwa njia nzima.

Ngassa akachuchumaa. Mkononi alikuwa ameshika kijinga cha moto.

"Umeona? Kijiji kizima, mtu pekee ninayeruhusiwa kuongea naye ni wewe."

Eufrasia hakutaka kucheka. Cheko likamtoka lenyewe.

"Mjinga wewe!"

"Mjinga ana moto. Mwenye akili anapuliza kuni mbichi."

"Kwa nini hukunitazama kule shuleni?"

"Ningekutazama, hukumu ingenikwama kooni. Ningeachia filimbi mbele ya wale vijana, wangesema Mhaya amenilisha kitu."

"Na sasa hawasemi?"

"Sasa wanasema. Wacha waseme, mimi siruhusiwi kuwajibu."

Moto ukashika. Eufrasia akampa karatasi ya Padri. Ngassa akaisoma polepole, na uso wake ukabadilika.

"Kesho?"

"Kesho."

"Hapana. Mimi nina dume zizini. Nalitoa sasa hivi, unalipa, unabaki."

"Sitaki."

"Eufrasia!"

"Ukinilipia, watanisalimia kwa sababu wameshiba. Mimi nataka wanisalimie kwa sababu nimefika kwenye msiba wao." Akausogeza ukuni motoni. "Kesho asubuhi napeleka maji kwa Mzee Masele."

"Na kazi yako?"

"Usiniulize kazi, Ngassa. Nitaogopa, nisiende."

Asubuhi akatoka na chungu cha maji kichwani. Ngassa alikuwa nyuma yake, si karibu sana, si mbali sana. Walipofika mbugani wakakutana uso kwa uso na Landrova ya misheni. Padri Anselmi akatoa ndevu zake nyeupe dirishani.

"Eufrasia! Tua hicho chungu upande gari."

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba. Panda!"

"Nakwenda msibani."

"Nilikukataza."

"Ndiyo, Padri. Nifike kwanza, nirudi, kisha unifukuze."

Padri hakuamini masikio yake. Msichana huyu hata kuomba chaki alikuwa anaona haya! Akakanyaga mafuta, akakata kona amzibie njia. Magurudumu yakaacha barabara, yakaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, yakazunguka, yakazama.

"Nisaidieni!" akawaita vijana waliokuwa wamesimama kando wakitafuna miwa.

Vijana wakatafuna miwa.

"Hawasikii hawa?"

"Wanasikia sana, Padri," Ngassa akasema, akipandisha suruali ili asukume. "Lakini umekuja kumchukua aliyetengwa, kwa hiyo nawe umo. Karibu, tumekuwa watatu."

Akasukuma peke yake. Gari likazama zaidi. Eufrasia hakungoja. Alishaanza kukata mbuga, chungu kichwani, matope miguuni.

Kwa Mzee Masele watu walikuwa wamejaa. Walipomwona wakanyamaza na kumpisha, kama anavyopishwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Akapita katikati yao. Akamimina maji kwenye mtungi mkubwa, akapiga magoti mbele ya mzee aliyenyolewa kichwa.

"Shikamoo, baba. Pole na msiba. Siku ile nilisikia vilio, nikaendelea kuimbisha watoto. Nilimwogopa Padri."

Mzee Masele akamtazama. Yeye ndiye mwenye msiba, na yeye peke yake hakuna wa kumwambia aseme na nani.

"Na leo humwogopi?"

"Namwogopa, baba."

"Yuko wapi?"

"Amekwama matopeni."

Mwanamke mmoja akapiga chafya ya uongo. Mwingine akajifunika kanga. Kisha uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, maana kucheka si kusema. Mabega ya Mzee Masele nayo yakatikisika.

"Mke wangu angelisikia hilo, angekufa tena kwa kucheka," akasema akijifuta macho. Halafu akamwekea Eufrasia mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu. Kaa." Akawageukia watu. "Mwenye msiba nimemjibu. Kuna anayenizidi uchungu hapa?"

Mama Limi ndiye aliyeruka wa kwanza, akamkumbatia Eufrasia na matope yake yote.

"Mwalimu wangu! Yamenikaba hapa, hapa! Jana nilikuwa na maneno ya kukwambia nikaishia kumwambia mbuzi!"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, Kiswahili, Kisukuma, mpaka Fikirini, mkuu mpya wa vijana, akapuliza filimbi.

"Mzee, na dume?"

"Mimi nimesamehe kosa," akajibu Mzee Masele. "Nyama sijaisamehe. Dume moja la Mwalimu, na jingine la huyu aliyevunja sheria yake mwenyewe. Haya, nendeni mkamtoe mzungu wenu matopeni."

Vijana wakakimbia wakiimba. Haikuchukua muda, Padri Anselmi akaingia uani amechafuka mpaka magotini, pumzi juu, amekuja kumchukua mwalimu wake. Mageni akamsukumia kigoda nyuma ya miguu. Padri wa watu alikuwa amechoka, akaketi.

"Padri amekaa msibani!" Mageni akashangilia. "Mmeona wote? Amekaa!"

Padri akataka kuinuka. Macho yake yakakutana na ya Mzee Masele, yamevimba kwa kulia. Akabaki pale pale. Akavua kofia.

"Pole sana, mzee. Miaka yote hii niko hapa, sijawahi kuingia kwako."

"Tena barabara ilikuwa kavu," akasema Mzee Masele.

Padri akacheka kidogo, akajifuta uso. Akakaa na wenzake, akanywa maji aliyoyaleta Eufrasia. Alipomaliza ndipo akauliza, kama jambo la kawaida kabisa:

"Mwalimu, kesho watoto wanaingia darasani saa ngapi?"

"Saa zile zile, Padri," Eufrasia akajibu, na machozi yakamshinda.

Nje ya boma, Ngassa alikuwa anamngoja. Kijiji kilikuwa bado hakijamaliza kumtenga yeye, mpaka dume lake lichinjwe, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mwalimu. Ile hapana."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa hapana kweli?"

"Wewe ulionaje?"

"Niliona mtu asiyenipenda hawezi kunikasirikia vile mbele ya watu."

Eufrasia akatazama chini, haya zake za siku zote zimemrudia. Lakini akatabasamu.

"Nenda Bukoba ukamwambie baba. Na upige pasi shati."

Ngassa akaruka juu, akatua kwenye dimbwi.

Baada ya mavuno wakafunga ndoa kanisani kwa Padri Anselmi. Mwamhuli yote ilikuja, waliobatizwa na wasiobatizwa, na Mzee Masele akakaa benchi la mbele kabisa, mara yake ya kwanza kuingia kanisani. Padri akageuka kwa bibi harusi.

"Eufrasia, unakubali kumpokea huyu kuwa mume wako?"

"Anakubali!" likaitikia kanisa zima.

"Sijawauliza ninyi!"

"Muulize upesi basi, Padri," akasema Mzee Masele kutoka mbele. "Dume la tatu limefungwa kule nje, na jua linapanda."

Eufrasia akacheka mpaka shela ikamteleza. Ngassa akaishika, akamrudishia kichwani. Padri akarudia swali, na safari hii kijiji kizima kikanyamaza kimsikie mwenyewe.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.