Nilimpinga Mume Wangu, Nikachagua Karai Kubwa

Nina miaka arobaini na sita, mama wa binti mmoja, mzaliwa wa Babati. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili hapa Durban. Najua wengine mtanicheka, mtasema karai linawezaje kuvunja nyumba ya mtu? Nisomeni kwanza...

Mume wangu, Baba Sauda, alikulia kwenye moshi wa sukari guru. Tulipokuta miwa imezunguka mji huu, alikodi uwanja nyuma ya nyumba kuukuu kule Glenwood, akajenga jiko la kuni, akakunja bati la chuma kwa mikono yake na kuunda karai la kuchemshia asali ya miwa.

Halikuwa kubwa. Mashine yetu ya kukamulia, ya kuzungusha kwa mkono, ilitoa ndoo sita za maji ya miwa asubuhi, na karai lilitosha ndoo sita. Ikifika saa nane mchana asali imeiva. Wenye maduka ya viungo mjini waliichukua yote.

Solange aliingia maishani mwangu kama mteja. Ni Mkongo wa mtaa wa Albert Park, msusi. Nikampenda kama ndugu. Nikamfundisha kuengua povu na kujua asali iliyoiva kwa kuitazama inavyodondoka kwenye mwiko. Ndipo akaanza.

"Mama Sauda, na hii kasufuria mutafika wapi? Miwa iko mingi huku. Tafuta karai kubwa, ata mara tatu."

Maneno yale yaliniingia. Nilipomweleza mume wangu, alitikisa kichwa.

"Karai linafuata mashine, halifuati tamaa," alisema. "Maji yakiwa machache juu ya karai kubwa, yanaungua. Ukisubiri yajae, yanachacha."

Nilinuna siku tatu. Nilimwona mtu mwoga, asiyetaka tuendelee...

Kaka yake akafariki, naye Baba Sauda akaenda Babati kuzika. Huku nyuma nikamwita fundi wa kuchomelea, akaniundia karai refu kama kitanda. Lile dogo je? Solange alisema atalipeleka kwa fundi likatwe, litufae kwa mfuniko. Nikampa.

Siku ya kwanza, ndoo sita zilitandazwa mle zikawa kina cha ukucha. Pembeni palikuwa peusi kabla sijamaliza kuengua povu. Asali ilikuwa chungu, nikaimwaga. Siku ya pili nikasubiri ndoo kumi na nane. Nilizungusha mashine hadi jioni, na maji ya asubuhi tayari yalinuka pombe. Kuni za wiki nzima zikaisha kwa siku mbili. Majirani wakalalamikia moshi, mwenye nyumba akatupa onyo.

Baba Sauda aliporudi alilizunguka karai lile. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema atalikinga moto upande mmoja kwa matofali, aliinamishe kidogo ili maji yakusanyike upande wa pili. Lilikuwa wazo zuri. Lakini karai lilikuwa zito, asali ikichemka ndani yake, na mimi ndiye niliyeshika upande wa juu. Tofali likateleza.

Asali inayochemka haichuruziki kama maji, jamani. Inang'ang'ania ngozi... Mkono wake wa kulia uliungua hadi kwenye kiwiko.

Solange hakuja hospitali hata mara moja. Nilimtetea, nikasema saluni imembana. Wiki ya tatu nikapeleka makopo machache ya asali niliyookoa siku ile kwa mteja wetu mkubwa. Akashangaa. "Mwenzako si ameshaleta?" Akanielekeza uwanja anakopikia huyo mwenzangu, mitaa michache kutoka kwetu.

Nilimkuta Solange mchana kweupe, anaengua povu. Karai lilikuwa letu. Kile kiraka cha pembeni nilikijua, mume wangu alikipiga mwenyewe. Nilimwuliza, Solange, ndugu yangu, kwa nini?

Hakuacha hata mwiko. "Dada, mi sikuiba. Wewe ndiye ulikataa ile. Sasa unalia nini?"

Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Nilimsimulia mume wangu yote. Akauliza jambo moja tu: "Ulimpa kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani.

Leo uwanja si wetu tena. Vidole vyake havikunjiki. Anakaa mlangoni mwa duka la simu mjini, analinda. Hajaniacha, lakini hanishirikishi jambo lolote. Nikimwuliza tupike nini, anajibu, "Amua wewe."

Ndugu zangu mnaotaka kuanza kazi hii, pimeni kwanza maji mnayokamua kwa asubuhi moja, ndipo mchague karai. Na kama nyumbani yupo anayeijua kazi kuliko ninyi, msikilizeni angali anasema. Wangu ameacha kusema.