Kinanda cha Kamati na Mashine ya Alois

"Toka kwenye kiti, Pelagia."

Hilali alisema hivyo mbele ya ukumbi mzima. Sauti kaiweka chini, lakini watu wa viti vya mbele walisikia, kwa sababu niliwaona wanatazamana.

Nikadhani ananitania. Nilikuwa nimeshakaa, vidole viko juu ya kinanda, gauni jipya nimelishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile.

"Nitoke niende wapi?"

"Kakae na wasikilizaji. Sylvester ndiye atapiga."

Huyo Hilali, jamani, alikuwa mchumba wangu. Miezi minne nyuma alileta posa kwa shangazi yangu pale mtaa wa Ipuli, Tabora, kakaa kwenye mkeka kanyenyekea, ungemwonea huruma.

Nikageuka nimtazame huyo Sylvester. Suruali ya bugaluu, pana kama pazia la ofisi ya mkoa. Viatu vya raizoni, soli nene za kumfanya atembee kama kuku aliyekanyaga lami. Alishuka kwenye treni ya kutoka Dar siku ya Jumatano. Leo Jumamosi, anakalia kiti changu!

"Kinanda kikubwa kinataka mwanaume," Hilali akaninong'oneza. "Usinitie aibu mbele ya wageni."

Nikanyanyuka. Sikulia. Nilimtazama kama ninavyotazama mende kwenye sukari, nikashuka jukwaani.

Sasa tulia hapo hapo, msomaji wangu, nikueleze tulifikaje pale.

Naandika haya kwa kidole kimoja, na miwani yangu imevunjika mkono, kwa sababu juzi kijana mmoja humu kwenye kundi letu kauliza swali. Anataka kununua sintesaiza ya analogi, vile vinanda vya umeme vya zamani, ya bei nafuu, atengenezee muziki wa kudansi. Wajuaji mkamvamia kwa majina ya viwanda. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza umeme wa mtaani kwake ukoje.

Wajuaji watupu. Mmenikumbusha kamati yetu.

Ilikuwa mwaka 1980. Bendi yetu iliitwa Ipuli Vijana. Mimi nilizaliwa Bukene, nikajifunza kinanda cha kukanyaga kwa miguu kanisani, nikahamia kwa shangazi Tabora mjini, nikaingia kwenye bendi. Hilali alikuwa mwenyekiti wetu na mpiga gitaa. Kwao ni watu wa duka, Waarabu wa Tabora wa tangu enzi za misafara.

Mwaka ule shirika moja la umma lilikuwa linatafuta bendi ya kubeba jina lake. Ukichaguliwa unapata mshahara wa kila mwezi, nyumba, sare, na barua yenye muhuri. Mimi niliyekuwa nalala na watoto sita wa shangazi chumba kimoja, ile barua niliiota.

Lakini vijana walikuwa wanataka disko. Bila kinanda cha umeme, hakuna atakayekutazama.

Bahati ikaja. Mzungu mmoja mtaalamu alikuwa anarudi kwao, na alikuwa anauza vinanda viwili, vyote vya analogi.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa. Ubavuni mbao imepigwa vanishi, vitufe vingi, vya kuzungusha havihesabiki. Kinatoa sauti nyingi kwa pamoja.

Cha pili kidogo, kama sinia la chai. Plastiki, kimechubuka, na kinatoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Bei yake ilikuwa ya baiskeli kuukuu. Kinatumia umeme, na pia kinatumia mawe sita ya redio, yaani betri.

Nilivijaribu vyote. Kile kidogo besi yake ilikuwa inakufuata mpaka kwenye mifupa. Nikawaambia, tuchukue hiki.

Kamati ikakaa. Wajumbe saba. Hilali akasimama, mkono mmoja kauweka nyuma kama anahutubia taifa.

"Ndugu wajumbe, kinanda kinachotoa sauti moja peke yake ni kinanda cha ubinafsi. Nchi hii ni ya Ujamaa. Tunataka kinanda chenye sauti nyingi zinazoshirikiana."

Wakapiga makofi. Wallahi nawaambia, watu wazima wenye ndevu walipiga makofi.

"Mwenyekiti," nikasema, "vinanda vya namna hii sauti yake inatengenezwa na umeme wenyewe. Umeme ukilegea, sauti inalegea. Hicho kikubwa kimechoka, nimekisikia. Twende tukakijaribu siku ambayo Alois anasaga."

Alois alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, ukuta kwa ukuta na ukumbi wetu, kwenye waya mmoja wa umeme. Kila akiiwasha, taa ya ukumbini inafifia mpaka inakuwa nyekundu. Mwanamke yeyote wa Ipuli aliyewahi kubeba debe la mahindi anajua. Wale wajumbe saba hakuna hata mmoja aliyewahi kufika mashineni. Wao unga waliuona ukiwa umeshakuwa ugali.

"Sasa mahindi yanaingiaje kwenye muziki?" mpiga tumba akauliza, wakacheka mpaka wengine wakakohoa.

Wakakijaribu Jumapili. Alois ni Mkatoliki, Jumapili hasagi. Kinanda kikaimba vizuri kama malaika, wakanitazama kwa dharau, wakanunua.

Hapo ndipo nilipouza baiskeli yangu, nikanunua kile kidogo. Mimi mwenyewe, bila kamati.

Jioni ile nilimfuata Hilali kwao nikiwa nawaka. Tukagombana uani.

"Jumamosi ni siku ya kusaga, Hilali. Mji mzima unasaga unga wa Jumapili. Wageni wa shirika wanakuja saa kumi. Alois akiwasha tu mtaumbuka."

"Wewe unasikia wivu na kinanda," akanijibu.

Mama yake, Bi Khole, alikuwa kibarazani anachambua mchele. Huyo mama sasa… Nilikuwa simpendi, naye nilijua hanipendi. Akinitaja anasema "yule wa Bukene." Shikamoo nilikuwa nampa huku nimebana meno.

Akainua uso kidogo tu.

"Binti, punguza sauti. Watu wanapumzika."

Hakuongeza neno, akarudi kwenye mchele wake. Nikasema moyoni, jivuni mkubwa, na mwanawe kamrithi yeye. Nikaondoka bila kuaga.

Haya, turudi ukumbini.

Nimekaa nyuma, karibu na mlango. Miguuni nina kikapu, na ndani ya kikapu kuna kile kinanda kidogo nimekifunga kwa kanga. Nilikuja nacho ili nikitumie pamoja na kile kikubwa. Mawe sita nimeyakusanya wiki nzima. Mwaka ule mawe ya redio ulikuwa unayatafuta kwa tochi, na tochi yenyewe haina mawe. Mawili niliyatoa kwenye redio ya shangazi bila kumwambia.

Mbele kakaa Bwana Masolwa, ofisa wa shirika, aliyekuja na treni ya Mwanza kuamua. Mtu mzito, hacheki ovyo.

Muziki ukaanza.

Na niseme ukweli, ulianza vizuri. Sylvester alikuwa anajua kupiga. Watu wakasimama kudansi. Masolwa akaanza kugonga goti kwa kidole. Nikasikiliza ng'ambo ya ukuta… kimya. Jumamosi saa kumi, mashine ya Alois iko kimya.

Nikashangaa. Halafu nikaumia. Nikajiona mjinga aliyeuza baiskeli bure. Kazi inakwenda, nyumba inakwenda, barua inakwenda kwa mtu wa Jumatano.

Wimbo wa tatu, katikati kabisa…

Ngurumo.

Ukuta ukatetemeka. Taa ikafifia ikawa nyekundu. Spika zikapungua nguvu kidogo tu, magitaa yakaendelea. Lakini kile kinanda cha kamati kikaanza kuzama. Sauti zote zinazoshirikiana zikashuka kwa pamoja, kila moja na njia yake, kama walevi wanaoshuka ngazi.

Sylvester akazungusha hiki, akazungusha kile. Mashine ikipumzika, sauti inapanda. Mahindi yakimiminwa, sauti inashuka. Wadansaji wakasimama. Mtu akapiga mluzi. Hilali jasho linamtoka, anatazama ukuta kwa hasira kama anatazama mtu.

Bwana Masolwa akanyoosha mkono.

"Zimeni hilo kabati."

Wakalizima.

"Bendi yenu haina kinanda kingine?"

Hilali akageuka kumtazama Sylvester. Nikasimama na kikapu changu. Nikapita katikati ya watu, nikapanda jukwaani, nikafungua kanga. Kuna waliocheka walipokiona. Nikachomeka waya kwenye spika, nikawasha kwa mawe.

"Anzeni ule wimbo," nikamwambia mpiga tumba, yule yule wa mahindi.

Mashine ilikuwa inanguruma, na besi yangu ilikuwa juu yake, imenyooka. Sauti moja tu, ya ubinafsi. Ukumbi mzima ukarudi kudansi, na Masolwa akanyanyuka kwenye kiti.

Tulipomaliza akamwuliza Hilali, "Lile kabati alilichagua nani?"

"Kamati, mheshimiwa."

"Na hiki?"

Hilali akaninyooshea kidole. "Huyu… alichagua mwenyewe."

"Bendi naichukua," Masolwa akasema. "Na kwenye kinanda jina nitakaloandika ni la huyu."

Mnajua Hilali alifanya nini? Alikuja nyuma ya jukwaa akitabasamu, kanishika bega.

"Tumeshinda, mchumba wangu."

Tumeshinda. Nikauondoa mkono wake kwa vidole viwili. Nikatoka, nikaenda kwa Alois kumwuliza kwa nini alichelewa kuwasha.

Alois alikuwa mweupe kwa unga mpaka nyusi.

"Leo sikutakiwa kuwasha kabisa," akasema. "Hilali alinifuata Alhamisi. Aliniomba nizime kuanzia saa tisa, eti kinanda chao hakipatani na mashine."

Nikahesabu siku kwa vidole.

Kumbe alinisikia. Alinisikia vizuri siku ile uani, akaniita mwenye wivu, akaondoka na maneno yangu akayafanyia kazi. Ushauri aliuchukua, kiti akakinyang'anya. Jamani, kuna wanaume…

"Sasa mbona umewasha?"

"Ningefanyaje? Kaja Bi Khole na madebe manne ya mahindi. Kasema kapata msiba. Unga wa msiba haukataliwi, Pelagia. Hata ningekuwa nimelala ningeamka."

Ni kweli. Kwetu mwenye mashine anaweza kukataa harusi, anaweza kukataa mkubwa wa serikali. Wa msiba hakatai.

Na ukisikia msiba huulizi kama unampenda mfiwa. Nikajifunga kanga juu ya gauni langu jipya, nikaenda.

Njiani nilijiuliza ni nani. Hilali alikuwa jukwaani anatabasamu, ina maana hajui. Nikamwonea huruma kidogo, nikajilaumu kwa hiyo huruma.

Nikafika. Hakuna mkeka nje. Hakuna mtu. Bi Khole yuko kibarazani peke yake, anachekecha unga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Pole na msiba, Mama."

"Nimeshapoa."

Nikakaa chini. Nikasubiri aseme. Anachekecha tu.

"Ametutoka nani, Mama?"

"Uchumba wako."

Nikamtazama nisijue nicheke au nikimbie. Akaweka chekecheo pembeni, akajipangusa mikono.

"Nimemzaa mimi, namjua. Alhamisi usiku kakaa hapa anakula, anajisifu. Mashine keshaizima, kiti chako keshakigawa. Anacheka." Akajifunga kanga yake vizuri. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa na cherehani yangu, nashonea watu. Akaniambia cherehani inataka fundi mwanaume, akampa ndugu yake. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka thelathini."

"Lakini, Mama… mwanao ameaibika mbele za watu."

"Aibu itampoa. Wewe ukishaolewa, kiti hakirudi." Akavuta pumzi. "Kusema nina msiba wakati sina ni dhambi, nimeshatubu. Mahindi nimenunua kwa pesa yangu. Sasa nyanyuka uniwekee maji ya ugali, madebe manne nitayala na nani?"

Nililia hapo. Jukwaani sikulia, kwa Alois sikulia. Nililia mbele ya mwanamke niliyemdharau miezi minne kwa sababu tu alikuwa hasemi sana. Dharau yangu yote ilikuwa ya haki, ila nusu yake niliitupa mlango usio wake.

Posa ya Hilali ilirudishwa wiki ile ile. Sylvester alipanda treni na raizoni zake. Kile kinanda cha kamati kilibaki stoo ya ukumbi, mwisho kuku walitagia humo, na sauti zao zilishirikiana vizuri zaidi.

Mimi barua yenye muhuri niliipata. Nilipiga miaka kumi na moja. Kila Idi nilikuwa napeleka unga kwa Bi Khole, na shikamoo niliitoa bila kubana meno, mpaka siku alipofariki kweli. Siku hiyo Alois alisaga tangu alfajiri.

Sasa wewe kijana uliyeuliza. Usinunue kinanda kwa wingi wa vitufe, wala kwa makofi ya wajumbe. Kabla hujatoa pesa yako, kijaribu mashine ikiwa inasaga.

Na wewe binti unayesoma, huyo anayetaka kukuoa, mjaribu siku hiyo hiyo.