Bitana Isiyo na Jasho

Bitana ilirudi kavu. Hilo ndilo lililomshtua Bi Sindano, na hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Miaka kumi na tisa alikuwa akishona bitana, nguo za kuvaliwa ndani ya deraya za chuma za Jeshi la Watawa, na askari aliyekaa siku arubaini ndani ya chuma kule juu mwezini hurudisha bitana inayonuka kama beberu. Hii ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Labda siku hizi anaoga," alisema Mama Pacha, mfuaji.

"Kitinda? Huyo nimemlea mimi, shoga. Maji aliyaogopa kama paka."

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Jeshi lenyewe lilikwisha kufa miaka mia tatu nyuma. Wazee wakalifufua, na viapo vyake, na sala zake, na hizo deraya zinazotembea zenyewe. Kitinda alipojiunga, Mlezi wa Viapo alimshika Bi Sindano mkono, akaapa: "Mdogo wako ni amana kwetu." Mzee mzima akikuapia, utamwambia nini?

Adhuhuri aliirudisha bitana ghalani mwenyewe. Deraya ya Kitinda ilisimama ukutani, kofia imefungwa. Akasikia pumzi inayovutwa ndani tu, haitoki.

"Kitinda?"

"Naam, dada."

"Umekula?"

"Hatuli."

"Wewe na nani?"

Kofia ikageuka taratibu, ikapita bega, ikapita pale shingo ya binadamu inapokoma, ikaendelea kugeuka mpaka ikamtazama tena.

Bi Sindano alimkimbilia Mlezi. Mlezi hakushangaa hata kidogo.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Chuma hakitembei chenyewe, mama. Litamtoka, ila halitoki bure. Huhamia kwa mwingine. Yupo aliyepatikana. Mshonee bitana."

Akampa karatasi ya vipimo. Haikuwa na jina; Jeshini vipimo havina majina, kwani mbele ya Mungu askari wote sawa. Bi Sindano hakuuliza ni nani. Alijua huyo naye ana mama yake. Akatunga uzi.

Kifua, kiuno, mguu. Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, mfupi kwa upana wa vidole viwili. Karani huyu, akasonya, hata kupima hajui. Lakini amri ni amri, akakata kama ilivyoandikwa. Akashona huku harufu ya majivu ikiingia chini ya mlango, na vishindo vya chuma vikija ukumbini, na alipofika kwenye kwapa la kushoto sindano ikamsimama mkononi, kwa maana aliukumbuka mkono wake mwenyewe uliovunjika siku alipomdaka Kitinda akianguka kutoka darini, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi, na tangu hapo akaificha kasoro yake kwa kujishonea mikono ya magauni mwenyewe, hata watu wakasahau, wote isipokuwa mmoja.

Mlango ukafunguka. Deraya ya Kitinda ilisimama, na nyuma yake nyingine, tupu, kifua wazi.

"Walitaka mtu wa damu yangu," ilisema sauti ya mdogo wake, ikilia. "Nikawaambia wewe hutakataa, dada. Hujawahi kunikatalia kitu."

"Ungeniomba, mwanaharamu wee," alinong'ona Bi Sindano. "Ungeniomba tu."

Siku arubaini baadaye Mama Pacha alipokea mzigo wa kufua. Bitana ya Kitinda ilinuka beberu, mpaka akaziba pua na kucheka. Chini yake palikuwa na nyingine, mpya, kavu kama karatasi. Akaikung'uta, majivu yakamwagika sakafuni. Akaikunja mkono juu ya mkono, na mikono haikulingana.