Siku Matarumbeta Yaliponyamazishwa

Kila alipotoka shuleni, Sindano aliweka mkoba wake juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, akanawa mikono, kisha akaanza kazi zake bila kuambiwa. Aliokota vipande vilivyotapakaa chini ya meza ya kukatia, akafagia nyuzi, akapanga mikasi kwa ukubwa wake. Jina la Sindano alipewa na wateja wa mama yake, fundi wa cherehani, kwanza kwa sababu alikuwa mwembamba, na pili kwa sababu ndiye aliyeitwa kuingiza uzi katika tundu ambalo macho ya mama yake hayakuliona tena vizuri.

Mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Kifungo, alikuwa na umri wa miaka saba. Mahali pake palikuwa sakafuni, kando ya cherehani, kiganja chake kikiwa kimeegemea mguu wa chuma wa mashine. Mashine ilipozunguka, alitulia. Iliposimama, aligongagonga chuma kwa vidole mpaka mama akanyage tena. Hakuzungumza, ila alikuwa na sauti chache ambazo watu wa nyumbani walizielewa. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba Kifungo ana usonji. Yaani ubongo wake hupokea sauti, mwanga na maneno kwa namna iliyo tofauti na watoto wengi. Si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si laana, wala hakuna mtu wa kulaumiwa.

Wateja hawakuyajua hayo. "Mtoto mzuri hivi, jamani, kumbe!" walisema wakimtazama kutoka juu. Zamani neno hilo "kumbe" lilimchoma Sindano. Sasa lilipita kama lori barabarani: alilisikia, likaenda zake. Watu walimuuliza, "Mdogo wako hajambo?" naye akajibu, "Hajambo." Walimuuliza, "Na wewe?" akajibu, "Sijambo." Hakuwa na huzuni, wala hakuwa na furaha. Alifagia, akapanga mikasi.

Aliyeshirikiana nao ukuta alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kabla ya kuwasha mashine yake ya kukatia, fundi huyo hugonga ukuta kwa nyundo na kupaza sauti, "Mama Sindano, nataka kuunguruma!"

"Ngoja kwanza!" mama hujibu. Sindano humshika Kifungo mkono, humpeleka chumba cha ndani, hufunga mlango na kumziba masikio kwa mto. Kisha huita, "Tayari, fundi!"

"Mimi ndiye mchomeleaji pekee duniani anayeomba ruhusa kwa mtu asiye na meno ya mbele," fundi hupenda kusema. Alisema hivyo kila mara, na kila mara alicheka peke yake.

Jumatatu moja, mwalimu mkuu alitangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na matembezi ya hisani yatakayoanzia katika uwanja wa shule. Watu wangetembea kuuzunguka mji, wangeelimishwa kuhusu usonji, na michango yao ingepelekwa katika hospitali ambamo wataalamu wanafanya utafiti wa hali hiyo. Baada ya vipindi, mwalimu wa darasa alimwita Sindano mezani kwake.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "kamati ya matembezi ingependa mdogo wako asimame jukwaani pamoja na mgeni rasmi. Watu wakimwona mtoto mwenyewe, mioyo yao italainika. Muulize mama yako, kesho uniletee jibu."

"Sawa, mwalimu."

Nyumbani, mama alikuwa amezungukwa na marundo ya kitambaa cha buluu. Kamati ilikuwa imemwagiza ashone vitambaa vya kuvaa begani siku ya matembezi. Pini zilikuwa mdomoni mwake, na macho yake yalikuwa mekundu. Sindano alisimama mlangoni. Alijua kwamba swali lile lingemfanya mama azitoe pini mdomoni, akae chini, atake kuzungumza. Alijua pia jibu lingekuwa nini. Hakuwa na nguvu za mazungumzo hayo. Akachukua fagio.

Asubuhi yake alimwambia mwalimu, "Mama amekubali."

Uongo ule ulitoka kirahisi kama pumzi, na haukumuuma popote. Jambo hilo lilimshangaza kidogo, kisha akalisahau.

Wakati wa mapumziko, mwenzake wa dawati, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika, alimjia mbio. "Nasikia mdogo wako atakuwa jukwaani! Atasema nini, naye hasemi?"

"Hatasema. Atasimama tu."

"Kama sanamu?"

"Kama sanamu."

"Basi hata mimi nikisimama kimya watu watachanga?"

"Wewe ukinyamaza, wazazi wako ndio watakaochanga," alisema msichana mwingine, na darasa zima likaangua kicheko. Sindano naye alicheka, kwa mdomo tu.

Siku ya Alhamisi, mchomeleaji aliingia kwa fundi cherehani akipangusa masizi mikononi. "Mama Sindano, jukwaa la shule nimelimaliza. Ila nina neno. Vipaza sauti wameviweka kulia na kushoto mwa pale atakaposimama mtoto. Wewe mwenyewe umeridhika?"

Mama alisimamisha cherehani. "Mtoto gani?"

"Si Kifungo? Mwenyekiti wa kamati ndivyo alivyosema."

"Mwanangu hawezi kusimama mbele ya vipaza sauti, fundi. Umesikia vibaya." Mama akageuka. "Sindano, wewe umesikia habari hizo shuleni?"

Huo ulikuwa mlango, nao ulikuwa wazi. Sindano aliuona. Kifungo alikuwa akigongagonga chuma cha mashine, akingoja.

"Hapana, mama," alisema.

"Basi nimesikia vibaya," fundi alisema taratibu, huku akimtazama msichana kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Vyuma vimeniharibu masikio."

Jumamosi, mama alibeba furushi lake la vitambaa vya buluu akaenda uwanjani mapema. "Wewe baki na mdogo wako," aliagiza. "Kule kuna matarumbeta."

"Sawa, mama."

Mwalimu naye alikuwa amemwagiza Sindano amlete Kifungo kabla mgeni rasmi hajafika. Kwake pia alikuwa amesema, "Sawa, mwalimu." Sindano aliketi kitandani akiziangalia ahadi zake mbili. Labda mvua ingenyesha. Labda mgeni rasmi angeugua. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu. Hakuamua lolote, alijikuta tu anamvisha Kifungo shati safi, anamfunga kamba za viatu, anamshika mkono na kutembea naye barabarani. Kifungo alimfuata. Tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia dada yake kumshika mkono.

Walipofika langoni, matarumbeta yakalia.

Kifungo alisimama ghafla. Mwili wake wote ulikazika. Kisha akauma kiganja chake, akakaa chini pale pale langoni na kuanza kupiga kichwa chake magotini. Sauti iliyomtoka haikuwa kilio cha kawaida. Watu waligeuka, wakakusanyika. "Ana nini?" "Mwageni maji!" "Amepagawa!" "Wazazi wake wako wapi?" Damu ilianza kuonekana kwenye kiganja. Sindano aliiona. Aliitazama kama kitu kilicho mbali, nyuma ya kioo.

Mwenyekiti wa kamati alifika akihema, tai yake ikiwa begani. "Ndiye huyu? Haya, vijana wawili, mbebeni! Mgeni rasmi anashuka garini. Mpeni peremende, atanyamaza."

Vijana wawili wakainama. Mmoja akamshika Kifungo kwapani.

"Msimguse," alisema Sindano.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuna aliyemsikia. Kijana akavuta, na Kifungo akainua uso. Macho yake hayakumtafuta mwenyekiti wala umati. Yalimtafuta dada yake.

"Msimguse!" Sindano alipiga kelele mpaka koo likamkwaruza. "Mama hajakubali! Hata sikumuuliza! Nilimdanganya mwalimu, nikamdanganya na mama. Mwacheni! Kelele zinamuumiza!"

Kijana aliachia mikono kama aliyeshika pasi ya moto. Mwalimu wa darasa, aliyekuwa akija na shada la maua, alisimama hapo hapo. Mchomeleaji, aliyekuwa akikagua ngazi za jukwaa, hakusubiri maelezo. Alikwenda moja kwa moja kwenye jenereta ya vipaza sauti, akaizima. Kisha akawaendea wapigaji na kuwaonyesha kiganja kilichonyooka, kama askari wa barabarani. Tarumbeta la mwisho lilikatika katikati ya wimbo.

Mama alikuja mbio, vitambaa vya buluu vikimdondoka mkononi. Hakumgombeza mtu. Aliketi vumbini kando ya mwanawe, akakaza shavu lake kwenye mgongo wake mdogo na kuvuma kwa sauti ya chini, mfululizo, kama cherehani inayoshona mshono mrefu. Polepole kichwa kiliacha kupiga magoti.

Katika utulivu ule, mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma, "Mwanangu naye ni kama huyu, nimemfungia nyumbani na bibi yake. Nilijua matarumbeta hatayaweza."

"Hata wangu," mwingine akasema. "Nilikuja nichange tu, kisha nikimbilie kwake."

Mwalimu aliwatazama akina mama wale, akatazama jukwaa, akatazama vipaza sauti. "Tumewaandalia watoto hawa siku yao," alisema, "na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuivuka hii lango yetu."

"Hili lango, mwalimu," Redio alisahihisha kutoka katikati ya umati, kisha akajiziba mdomo.

"Hili lango letu," alisema mwalimu, na wala hakukasirika.

Mwenyekiti alijikuna kichwa. "Lakini mgeni rasmi... ratiba yetu..."

Mgeni rasmi mwenyewe, mama wa makamo mwenye kilemba kirefu, alikuwa amekwisha kufika na kusikia yote. "Mimi nimealikwa kutembea," alisema, "sikualikwa kucheza. Nendeni mkawalete watoto. Tutawangoja."

Basi wakangoja. Akina mama wale walikwenda na kurudi na watoto wao, mmoja akiwa amefunikwa shuka kichwani, mwingine akiwa amebebwa mgongoni ingawa miguu yake ilikaribia kugusa ardhi. Watu walitembea kuuzunguka mji bila ngoma wala tarumbeta, na wenye maduka walitoka milangoni kuuliza kulikoni, kwa maana hawakuwahi kuona umati mkubwa namna ile ukipita kimya. Waliouliza walielezwa. Waliporudi uwanjani, mama alizungumza bila kipaza sauti. Ilibidi watu wasogee na kuketi karibu ili wamsikie. Alieleza usonji ni nini, akaeleza kelele humfanya nini mwanawe, na akaomba jambo moja: wataalamu wasaidiwe kutafiti, na majirani wazoee kuuliza kabla ya kuhukumu. Sanduku la michango lilipozungushwa, halikurudi jepesi.

Kifungo hakupanda jukwaani. Alikuwa amelala katika chumba cha darasa, juu ya furushi la vitambaa, kiganja chake kimefungwa bendeji. Sindano aliketi kando yake. Mama na mwalimu waliingia pamoja.

"Kosa la kwanza ni langu," mwalimu alianza. "Nilimtuma mtoto kazi ya mtu mzima. Ilinipasa nije kwako mwenyewe, mama, niketi, niulize. Naomba radhi."

"Nimekusamehe, mwalimu. Lakini na huyu ana lake." Mama alivuta kiti kidogo cha mwanafunzi, akaketi uso kwa uso na binti yake. "Kwa nini hukuniambia?"

Sindano alitafuta jibu. "Sijui, mama. Sikuona kama lina uzito. Siku hizi sioni kama lolote lina uzito. Hata nilipodanganya, sikuhisi kitu."

Mama aliushika mkono wa binti yake. Hakuwa amelitarajia jibu hilo.

"Sikiliza," alisema. "Mtu akibeba mzigo muda mrefu bila kuutua, mkono hufa ganzi. Na mkono uliokufa ganzi haujui unaposhika moto. Wewe umebeba nyumba hii pamoja nami, nami nikaona unafagia, nikadhani uko salama. Hilo ni kosa langu. Lakini uongo ni wako, nao umemgharimu mdogo wako damu. Ukweli ungenisumbua kwa dakika chache. Uongo umetusumbua sote, ukakua kila siku tuliyoulaza nyumbani. Jambo gumu, mwanangu, lisemwe likiwa bado dogo. Na ukichoka, sema umechoka. Kuchoka si kosa. Kosa ni kuitikia 'sawa' ilhali moyoni unajua si sawa."

"Jumatatu," mwalimu aliongeza, "tutakaa na kamati kupanga matembezi ya mwakani. Nitakuomba uje utuambie ni mambo gani yanawaumiza watoto hawa na yapi yanawatuliza. Utaweza?"

Sindano alifungua mdomo kujibu kama kawaida yake, akaufunga. Kitu fulani kilianza kumwasha kifuani, kisha kikamuuma, kikapanda mpaka machoni.

"Sijui kama nitaweza, mwalimu," alisema. "Leo nimechoka."

"Basi tutakuuliza tena," alisema mwalimu, akatoka na kuurudisha mlango taratibu, asimwamshe aliyelala. Mama akasogeza furushi la vitambaa, akafanya nafasi, na Sindano akalala kando ya mdogo wake, akalia mpaka usingizi ukamchukua.