Kadi Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi kabla ya kengele, Blandina wa darasa la saba alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao kule Endamarariek, akafuta vumbi jekundu kwenye mashine. Ijumaa hiyo alifagia sehemu ile ile mara tatu. Basi la watoto wa darasa la kwanza lilikuwa limekwenda Ngorongoro, limebeba vyakula vilivyopangwa na programu aliyoiandika yeye.

Programu ilikuwa fupi. Ukiandika orodha[14], unampata mtoto wa mstari wa kumi na nne katika orodha ya majina. Ukiandika afya[14], unapata taarifa za mwenye kadi ya afya namba kumi na nne. Mabano ni yale yale, kazi mbili. Mwalimu Silvanus wa kompyuta alikuwa amewaeleza kwamba lugha ya programu hiyo hukagua aina ya kila kitu kabla programu haijaanza: orodha hudai Mstari, afya hudai Kadi. Ukivichanganya, inakataa.

Jana ilimkataa. Maandishi mekundu yalisema: "Nilitarajia Kadi, nimepewa Mstari." Wenzake walikuwa mlangoni wakimharakisha. Blandina akayafuta majina hayo mawili, kila kitu akakiita Namba tu. Maandishi mekundu yakatoweka.

"Imekubali, mwalimu," alisema, bila kutaja alichofuta.

Sasa roho haikumtulia. Alitoa daftari la afya kabatini, akalilinganisha na karatasi ya chakula. Mstari wa kumi na nne ulikuwa wa Noel, naye kwenye karatasi ya chakula ameandikiwa asipewe karanga, ingawa hazimdhuru. Lakini kadi namba kumi na nne ilikuwa ya Kaika, mtoto mgeni wa miaka saba, ambaye karanga humvimbisha koo. Kaika alikuwa amepangiwa wali na mboga zilizoungwa karanga. Kwa wengine hakuona hatari.

Wangeweza kudhani mpishi ndiye aliyekosea. Akaitazama saa ya ukutani: saa sita kasoro dakika kumi. Chakula ni saa sita. Alikimbia mpaka ofisini kwa Mwalimu Silvanus.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Kaika asile, mwalimu. Chakula chake kina karanga. Ni programu yangu. Jana ilinikataza, nikailazimisha."

Mwalimu Silvanus alichukua simu. Alimpigia Mwalimu Salima aliyekuwa na watoto, simu haikupatikana. Akapiga tena. Kimya. Blandina alishika ukingo wa meza, akihesabu pumzi zake. Mara ya tatu mwalimu alimpigia dereva, Mzee Saning'o, na simu ikaita, ikaita, hata ikapokelewa.

"Mzee, mwambie Salima amzuie Kaika kula. Sasa hivi."

Walisikia upepo, hatua za haraka, kelele za watoto. Kisha sauti ya Mwalimu Salima: "Alikuwa ameshika kijiko. Hajaonja. Nampa ndizi na mkate wangu."

Blandina aliketi sakafuni, akalia.

Mwalimu alimwacha alie kwanza. Halafu wakaenda pamoja kwenye kompyuta, akamwambia arudishe majina aliyoyafuta. Maandishi mekundu yakarudi pale pale. Safari hii Blandina aliyasoma pole pole. Kumbe kilichohitajika ni mstari mmoja tu: kuuliza kwanza kadi ya mtoto, ndipo kufungua afya yake. Kisha akalinganisha majina yote arobaini na moja kwa mkono, hadi jioni.

Basi liliporudi, Kaika alishuka akisimulia habari za tembo. Blandina alimtazama hadi alipopokelewa na mama yake.

"Mwalimu, mabano yale yangekuwa tofauti, nisingekosea," alisema.

"Mabano hayana neno, mwanangu. Hata sisi twasema 'fungua' kwa mlango na kwa kitabu, tukaelewana, kwa kuwa tunajua kinachofunguliwa. Mashine nayo ilijua, ikakuonya. Wewe ukaiondolea njia ya kujua." Alifunga daftari la afya, akamkabidhi alirudishe kabatini. "Kosa la jana lilikuwa kumziba mdomo aliyekuonya. Leo ungeziba na wa kwako, tungempoteza mtoto. Ukionywa, sikiliza. Ukikosea, sema mapema, kungali na muda wa kuokoa."