Filimbi ya Dativa

Haya alinisimulia Brigita wa Mofu mwenyewe, na Brigita hana akili ya kutunga. Kiangazi kile cha kabla ya mvua za Elinino walikuwa wakivuka mbuga kumpelekea mume wao Gaudensi mchele dagoni, anakovua samaki. Alikuwa yeye na Dativa, mke mdogo, ambaye hatujamwona tena.

Mbuga ikikauka, huku kwetu watu husafiri wawili. Mmoja hubeba dumu la maji, mwenzake filimbi, ili asiwepo wa kumwacha mwenzake. Ukipotea unapiga mara tatu, mwenye maji anakufuata.

Filimbi ilikuwa ya Dativa. Gaudensi alimnunulia dukani kule Mlabani, mpya, inang'aa.

“Mimi miaka yote nimepewa mimba tu,” Brigita aliniambia.

Walipopumzika, Dativa akasinzia. Brigita akaichomoa ile filimbi kikapuni, akaishindilia kitambaa isilie, akaivaa shingoni ndani ya gauni. Kisha akajitwisha dumu, akaondoka.

Mbele majani yalikuwa yanaungua. Moshi ukatanda, mchana ukawa giza, hata mkono wake haoni. Ndipo filimbi ikalia nyuma yake, mara tatu.

“Kumbe kanunuliwa mbili!” Brigita akafoka, akaongeza mwendo.

Ikalia tena mara tatu, karibu zaidi. Safari ya tatu ikalia kifuani pake. Akaivuta nje, akaipapasa. Kitambaa kilikuwa bado kimeshindiliwa, kikavu, lakini pale pa kupulizia palikuwa pamelowa mate, tena ya moto.