Kitambaa Cheusi cha Saa Kumi na Moja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti, saa kumi na moja kasoro robo jioni. Kabla ya hapo siku za Chinami za likizo zilikuwa zinafanana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa uwanjani na watoto wenzake wa mtaa, wakinyoosha viungo kwa kufuata redio. Saa moja alipita kwenye bustani ya mtaa, akakunja kitambaa cheusi kilichofunika vyungu ishirini na vinne vya maua ya kiku, akavimwagilia maji. Saa kumi na moja jioni alirudi, akavifunika tena, akachora duara, alama ya kazi iliyotimizwa, kwenye daftari la zamu lililoning'inia mlangoni pa kibanda.

Kazi yenyewe haikuwa nzito, ila haikutaka mzaha. Kiku huchanua siku zinapofupika. Ukitaka lichanue katikati ya Septemba, lazima ulidanganye: unalifungia gizani kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, kila siku, mpaka vitumba vianze kuonyesha rangi. Ukiruka siku kadhaa, mmea unadhani kiangazi kimerudi. Unaviacha vitumba vyake na kuanza tena kuotesha majani.

"Ua halijui Jumapili wala sikukuu," mzee Sugimori aliwaambia watoto wa chama cha bustani siku ya kwanza. Mzee huyo aliacha shule mapema akaenda kukata magogo milimani, lakini kwa kiku hapakuwa na mtu wa kumfundisha katika mji mzima wa Tomizawa. Wenzake walipong'oa magugu kando ya barabara na kuzibua mifereji, yeye alikuwa kwenye vyungu, akinung'unika. "Wakubwa wa mji huu, ukiwaomba jembe wanakuletea fomu."

Vyungu vile vilikuwa na ahadi juu yake. Mkewe, bibi Fumie, alimalizia siku zake katika Nyumba ya Wazee ng'ambo ya mto. Aliwaahidi wenzake wa pale kuwa Siku ya Wazee, tarehe kumi na tano Septemba, kila dirisha litakuwa na kiku. Alifariki Februari. Mzee Sugimori aliichukua ahadi ile kama vile ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Ilipokaribia Bon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, watu wazima wa chama waliaga, kila mmoja akaenda kwao kusafisha makaburi. Mzee naye hakuweza kutoka nyumbani. Ilikuwa Bon ya kwanza tangu mkewe afariki, na wageni wangeingia kutwa nzima kumwashia marehemu ubani. Chinami, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alinyoosha mkono.

"Asubuhi na jioni? Wiki nzima, peke yako?" mzee aliuliza.

"Wiki nzima, babu."

Sasa ile Jumanne, akiwa njiani kwenda kufunika, alikutana na rafiki yake Hazuki anakuja mbio, jasho linamtiririka.

"We Chinami! Mazoezi ya ngoma yamesogezwa, ni saa kumi na moja juu ya alama! Mwalimu amesema atakayechelewa hapandi jukwaani."

"Niende kwanza nikafunike vyungu."

"Vyungu! Umeolewa navyo? Haya, nenda kwa mumeo. Ngoma kubwa apewe Ritsuko."

Chinami alisimama. Ngoma kubwa ya Bon haikuwahi kupigwa na msichana wa darasa la tano; yeye ndiye angekuwa wa kwanza. Aliitazama njia ya bustani, akaitazama njia ya uwanja. Leo tu, alijiambia, akakimbia na Hazuki.

Asubuhi alikuta vyungu viko wazi, vina umande. Daftarini kisanduku cha Jumanne kilikuwa kitupu, kinamkodolea macho. Alichora duara. Jioni mazoezi yakawa saa ile ile, kisha sikukuu yenyewe ikaanza, na kila saa kumi na moja Chinami alikuwa uwanjani akifunga mkanda wa vazi lake. Duara la kwanza lilitetemeka. La tano, la Jumamosi, lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuchora.

Jumapili alirudi kufunika kama kawaida, akavuta kitambaa taratibu kana kwamba upole ungerudisha siku tano.

Siku kumi baadaye mzee Sugimori alikuja kukagua. Aliinama, akashika kitumba kwa vidole viwili, akaenda chungu cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Vitumba vilipaswa kuwa na rangi. Vilikuwa vidogo, kijani kitupu, na majani mapya yamechomoza katikati yake.

"Chinami. Kitambaa kilifungwa kila siku?"

"Ndiyo, babu. Si kuna alama kwenye daftari?"

Mzee hakuligusa hata hilo daftari. Alimwamini. Aliinua macho polepole mpaka yakatua kwenye taa mpya ya barabarani, iliyosimama hatua nne kutoka kwenye uzio wa bustani.

"Basi ni lile," alisema. "Lile lijicho lao. Wamelisimika Julai bila kumuuliza mtu, mwanga unapenya hadi kwenye kitambaa. Ukiwaomba kitu hawaleti, usipowaomba wanakuletea cha kukuua!"

Taa ile Chinami aliijua vizuri. Watu wa mtaa waliiomba ofisi ya mji miaka miwili, kwa sababu kivuko cha shule kilikuwa na giza. Ofisi ikajibu kuwa inatafakari. Ikatafakari mpaka Mio, mdogo wake Hazuki, akagongwa na pikipiki na kuvunjika mguu. Ndipo taa ikaletwa.

Kufika kesho yake habari ilikuwa imeenea mtaa mzima: chama kitaandika barua, taa izimwe hadi mwisho wa Oktoba.

"Umesikia?" Hazuki alimuuliza wakiwa mtoni. Hakuwa na utani siku hiyo. "Mama analia. Mio ndiyo kwanza ameacha magongo. Shule ikifunguliwa atavuka vipi jioni? Eti kwa sababu ya maua!"

"Labda hawataizima."

"Mzee Sugimori akisema, nani atampinga? Wewe ndiye uliyekuwa zamu. Huwezi kuwaambia kuwa mwanga hauingii?"

Chinami alirusha jiwe majini. Usiku huo hakumaliza wali wake.

Mkutano ulifanyika Jumapili, tarehe thelathini na moja, katika ukumbi wa mtaa. Viatu vilijipanga mlangoni, watu wakakaa kwenye mikeka, chai na figili za siki katikati. Chinami aliitwa kama mtoto wa zamu. Mbele aliketi mwenyekiti wa chama, bwana Onodera, na kalamu mbili mfukoni. Pembeni yake alikuwa dada Nagase, karani kijana wa ofisi ya mji. Wakubwa zake hawakuja. Walimtuma yeye aje kutukanwa kwa niaba yao, kama ilivyo desturi ya wakubwa.

"Mlipima mwanga kabla ya kusimika ile nguzo?" mzee Sugimori aliuliza, sauti inakwaruza.

"Samahani sana, mzee. Mimi nilihamia idara hii juzi tu..."

"Nyote huwa mmehamia juzi! Marehemu mke wangu aliwaahidi watu. Wengine wana miaka tisini na tano. Niwaambie wasubiri mwakani?"

Dada Nagase aliinamisha kichwa mpaka nywele zake za mbele zikagusa mkeka. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu. "Samahani sana," alirudia.

Bwana Onodera aliisoma barua kwa sauti nzito. Iliposemwa kuwa mwanga wa taa ndio chanzo pekee, Chinami alihisi masikio yanawaka moto. Barua ilianza kuzunguka ili wanachama watie saini. Ilipita kwa mtu wa kwanza. Ikapita kwa wa pili. Mzee Sugimori alinyoosha mkono aipokee.

"Taa haina kosa," Chinami alisema.

"Watoto wanazungumza wakiulizwa," alisema bwana Onodera.

"Taa haina kosa, mwenyekiti. Sikufunika."

Hata aliyekuwa anatafuna figili aliacha.

"Siku ngapi?" mzee aliuliza bila kumtazama.

"Tano, babu. Siku za Bon. Nilikwenda kupiga ngoma."

"Na maduara?"

"Niliyachora mimi. Asubuhi yake. Uliponiuliza bustanini nilikudanganya."

Bwana Onodera alilipiga goti lake kwa kiganja. "Unaona ulivyotuaibisha? Mbele ya mgeni kutoka ofisini! Chama kizima kinakutegemea, kumbe..."

Mzee Sugimori alisimama, magoti yakalia, akatoka hadi barazani. Chinami alimwona mgongo tu. Bwana Onodera aliendelea kufoka na hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanautazama ule mgongo.

Mzee aliporudi hakukaa mahali pake. Alipiga magoti mbele ya dada Nagase, akainama, yeye mwenye miaka sabini na minane.

"Binti, nimekutukana bila kosa. Nisamehe."

Hapo ndipo Chinami alipolia. Kufokewa kulikuwa kumemuuma kidogo. Kumwona babu yule kaweka paji la uso mkekani kwa ajili ya uongo wake kulimchoma hasa.

"Inuka, mzee, tafadhali," dada Nagase alihangaika. Kisha akauliza kwa aibu, "Kwani yamekufa kabisa?"

"Hayajafa. Yakifunikwa bila kuruka yatachanua Oktoba. Ahadi ilikuwa Septemba."

"Bibi yangu anaishi pale. Kila nikimpigia simu analalamika kuwa hana la kufanya ila kungoja chakula. Hamwezi kuyapeleka hivyo hivyo, pamoja na vitambaa? Saa kumi na moja wayafunike wenyewe?"

"Karani ana akili," alisema mzee. "Ofisi ikijua watakuhamisha."

Watu walicheka, na barua ikachanwa vipande viwili.

Tarehe kumi na tano Septemba walivusha vyungu vyote ng'ambo ya mto, vikiwa na vitumba vya kijani. Sharti la mzee lilikuwa moja: Chinami aseme mwenyewe. Alisimama katikati ya ukumbi wa Nyumba ya Wazee, akaeleza yote, ngoma na maduara, bila kujipunguzia.

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alimkazia macho. "Hiyo ngoma yenyewe uliipiga vizuri angalau?"

"Nadhani... vizuri, bibi."

"Afadhali. Ungetuharibia na ngoma ningekuchapa." Akavutia chungu kwake. "Saa kumi na moja, siyo? Mimi sichelewi. Nilikuwa mkunga."

Nje, kwenye ngazi, mzee Sugimori alimwita Chinami akae. Bwana Onodera alikuwepo pia, akifuta udongo kwenye viatu vyake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuruka siku moja ningekufokea nikasahau. Ungeniambia Jumatano asubuhi, ningemtuma mtu akufunikie ukapige ngoma yako. Duara ndilo lililotuponza. Lilituambia kila kitu ni salama, tukakosa nafasi ya kurekebisha. Halafu kosa likatafuta wa kulibeba. Likampata yule karani, na lilikuwa linamfuata Mio. Ukikosea, sema mapema. Utaona haya siku moja, basi, na kazi itaendelea."

"Nimeelewa, babu."

"Mtoto ajifunze," alisema bwana Onodera. "Uaminifu ndio nguzo ya chama."

Mzee alitoa daftari la zamu kwenye mfuko wake, alilolileta ili wazee wa pale waendelee nalo. Alilifungua kwenye wiki ya Bon. Maduara matano ya Chinami yalikuwa pale, na chini yake, mwisho wa wiki, mhuri mwekundu wenye jina: Onodera, imekaguliwa. Aligeuza ukurasa. Mhuri. Akageuza tena. Mhuri, umenyooka vile vile, kila wiki tangu Julai.

"Mwenyekiti, wiki ile ulikuwa mjini Sendai kwa wanao," alisema polepole. "Mtoto alichora bila kufunika, na amesimama mbele ya watu akakiri. Huu mhuri wako uligongwa baada ya kukagua nini?"

Bwana Onodera aliinama tena kwenye viatu vyake, ingawa udongo ulikwisha toka. Chinami aliwatazama wote wawili, akangoja.